Tembo Asiye na Mchungaji

Kituo kile cha milimani, juu ya mji wa Chiang Mai, kilikuwa na tembo huru. Ndivyo kibao cha getini kilivyosema, na kibao hakibishiwi. Wageni walivuka bahari na kulipa pesa nzuri ili wapewe koleo, wazoe kinyesi cha tembo asubuhi hadi jioni, kazi ambayo kijijini kwa kina Thawi hata mtoto mtukutu hapewi kama adhabu. Tena walishukuru.

Na kwa kuwa tembo huru haamrishwi na mtu, Thawi aliyemwamrisha alifichwa kichakani. Miaka thelathini alimchunga Mae Bua, tembo jike wa ukoo wao wa Wakaren, watu wa milima ile, mpaka kaka yake mkubwa alipomuuza tembo kwa kituo bila kumuuliza yeye. Thawi akamfuata tembo, akaomba kazi. Sasa alishinda akichuchumaa nyuma ya mianzi na kunong'ona: geuka, simama, rudisha kofia ya huyo mama. Mae Bua akitii, wageni walisema, "Mwone alivyoamua mwenyewe."

Siku moja picha aliyopiga mgeni ikatoka mtandaoni na mguu wa Thawi ndani yake. Bosi wa kituo, Wilai, akamwita ofisini.

"Mjomba, umetuaibisha. Dunia nzima imeuona mguu wako."

"Ungeniambia mapema, ningekata kucha."

"Kesho usije. Nimepata kijana wa mjini. Atavaa fulana ya wageni, hatajulikana."

"Anajua tembo?"

"Anajua Kiingereza."

"Basi Mae Bua kapata wa kupiga naye soga. Niache nimuage."

"Tembo haagwi, mjomba. Inamletea mawazo."

Thawi akatoka. Kichaka alikivumilia, na mbu, na siafu. Kutomwona tena Mae Bua ndiko kulikomshinda.

Asubuhi akafunga virago: blanketi, wali kwenye jani la mgomba, na kengele ya mti aliyoichonga babu yake, ambayo kituo kilimvua Mae Bua siku ya kwanza kwa kuwa eti ni alama ya utumwa. Akavuka mto unaopita kituoni, akashika njia ya kijijini. Kengele ikawa inagonga ndani ya kapu, ko, ko, ko. Angeweza kuiziba kwa nyasi. Hakuiziba.

Ng'ambo, wageni walikuwa wakimsugua Mae Bua kwa brashi. Akatandaza masikio, akamwacha kijana wa mjini na ndizi zake mkononi, akaingia majini.

Wageni wakaangua kilio cha furaha. Mama mmoja, Birgit, aliyefika juzi na tayari anamjua tembo kuliko aliyemzaa, akapiga magoti matopeni. "Anarudi porini. Mtu asimzuie."

Simu ya Thawi ikaita. Alikuwa Wilai.

"Mjomba, mrudishe."

"Mimi? Mbele ya wageni?"

"Usinichezee. Neno moja tu anageuka, najua."

"Atageuka. Halafu watauliza kasikia neno la nani."

Simuni Thawi alisikia watu wakipiga makofi.

"Huyo ni mali ya kituo," Wilai akasema kwa sauti ya chini.

"Waambie hivyo hao wanaolia, bosi. Nasubiri."

Hakuwaambia. Angeanzaje? "Kaa nyuma ya miti mpaka mpite kilima," akasema, akakata simu.

Thawi akajificha kwa mara ya mwisho, kwa ustadi wote aliofundishwa na kituo. Nyuma ya kilima Mae Bua akamfikia, akatia mkonga kapuni, akatoa ule wali na jani lake, akala vyote. Hadi kijijini kulikuwa na mwendo wa saa sita. Thawi akamshika sikio, akamwita mwizi, akamwita mlafi asiye na haya, machozi yanamtiririka, wakaanza kupanda mlima yeye akiwa na njaa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu kaka yake apokee zile pesa.