Gauni Lililomtafuta Mwenyewe

Usiku wa jana niliota gauni limenikana.

Tena si gauni la watu. Ni langu, la sare, zambarau lenye nakshi za dhahabu, la kuvaa Jumamosi kwenye sherehe ya kumuaga mdogo wangu Donatha. Fundi Mwanahawa alikuwa amelileta jana jioni. Nilipolijaribu, zipu ilipanda vizuri mpaka kiunoni, pale ikagoma. Nikalitundika kwenye mlango wa kabati, nikalala bila kula, maana inajulikana kwamba kulala na njaa siku moja hupunguza inchi nane.

Kosa ni langu. Shangazi Prisca, mkuu wa kamati, alisema kila mtu aende kwa fundi akapimwe. Nilisema sina nafasi. Nafasi ningeipata, nilichoogopa ni ule utepe wa kupimia. Nikapeleka gauni la mfano, lile la bluu nililovaa siku ya kuhitimu chuo cha ualimu, miaka kumi na moja na watoto watatu iliyopita. "Shona kama hili," nikasema. Fundi Mwanahawa akalitazama gauni, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, mama." Nikajipa wiki tatu za kulifikia.

Na Shangazi alikwisha kutangaza: asiye na sare hakai mbele, ataenda kusimamia pilau. Kusimamia pilau naweza. Ila Donatha ameniomba nimshike mkono nimwingize ukumbini, mahali pa marehemu mama yetu. Nimemlea tangu ana miaka kumi na mbili. Hilo huwezi kulifanya ukiwa jikoni na mwiko.

Basi, kwenye ndoto ni saa nane mchana. Gauni linashuka kwenye henga, linajikung'uta, linakohoa kidogo.

"Samahani, dada," linasema. "Mwenyewe yupo?"

"Ndiye mimi."

Linanitazama kutoka juu mpaka chini. Halina macho, lakini kutazama linajua. "Mimi nimeshonewa mtu wa kiuno inchi ishirini na sita."

"Ndiye mimi huyo. Nimeongezeka tu."

Halikutaka ubishi. Likamgeukia binti yangu Tuzo, aliyekuwa sakafuni anafanya hesabu za shule. "Mtoto mzuri, mama yako yupo?"

Tuzo hakuinua hata kichwa. "Hayupo. Alitoka kabla sijazaliwa."

"Basi tukamtafute," gauni likasema. "Mimi Jumamosi nina shughuli."

Nikalifuata. Nilifungua mlango wa bafuni, tukatokea kwenye uwanja wa mpira. Katikati yupo Kocha Deusi, yule wa video za mazoezi ninazotazama nikikoroga uji. Hana miguu. Kwenye video huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo kiunoni ndipo alipoishia, na wamemweka juu ya tofali.

"Ukitaka, unaweza!" akapaza sauti.

"Nataka."

"Umeweza!" Akanipigia makofi. Kiuno changu hakikuwa na habari.

Gauni likamuuliza kama amemwona mwanamke wa inchi ishirini na sita. Akajibu kwamba wanawake wa namna hiyo hutokana na dakika thelathini. "Kila mama anazo dakika thelathini zake mwenyewe kila siku. Zako hujawahi kuja kuzichukua. Nenda dirisha la pili."

Kwenye dirisha la pili limekaa limau, limevaa miwani.

"Kumbe ni wewe," likasema. "Wewe ndiye unayenikamua kila alfajiri kwenye maji ya moto. Nimekukosea nini?"

"Wanasema unayeyusha mafuta."

"Mimi ni limau," likasema. Likagonga mhuri, likanisukumia boksi lenye matundu. "Ni zako peke yako. Zisipigwe na baridi."

Ndani ya boksi zimo dakika thelathini, za manjano, zinalia piyo piyo. Kwa macho ni vifaranga vya siku moja, lakini ukiziona unajua tu kuwa ni dakika. Naliweka boksi kwenye nyasi, nashika kamba ya kuruka.

"Mama, soksi yangu ya pili iko wapi?" Ni Loi, wangu wa kati. Dakika mbili zinaruka kutoka kwenye boksi, zinamfuata. Amoni wa mgongoni analia, zinaondoka tano. Jirani yangu Mama Gervas anakuja kuazima ungo, anakaa kunisimulia ya mama mkwe wake, anaondoka na kumi na tatu na ungo juu.

Halafu akaja mume wangu. "Mama Tuzo, chaja yangu umeiona?" Alikuwa ameishika. Zikamfuata nane, na moja akaikanyaga, akasema pole.

Ikabaki dakika moja, nayo imesinzia. Nikaiweka kiganjani, nikachuchumaa mara moja, nikasimama. Kocha Deusi akatangaza mbele ya uwanja mzima kwamba sina nidhamu.

Baba Tuzo hakuwa amekuja peke yake. Tumbo lake limekuja naye, limekaa kwenye kiti chake pembeni, na watu wamepanga foleni kulipongeza. "Mambo yamenyooka, mheshimiwa!" Tumbo linapokea kwa unyenyekevu. Watu wale wale, wakimaliza, wanakuja kwangu kuniuliza mimba ina miezi mingapi.

"Mke wangu," Baba Tuzo akasema, mdomo umejaa mshikaki, "si uache tu kula?"

Nikamshukuru kwa ushauri. Wakati huo Shangazi Prisca ametokea nyuma ya goli, mkono wa kulia ana upawa wa mtori wa ndizi, wa kushoto ana utepe wa fundi.

"Kula, mwanangu, mtoto apate maziwa." Nikameza. Akanizungushia utepe. "He! Felista! Mbona umejiachia hivi?" Kabla sijajibu, upawa mwingine. "Kula, mzazi hanyimwi." Utepe. "Hee! Watu watasemaje?" Tukaenda hivyo, upawa na utepe, kwa watoto wote watatu. Mwisho nikachoka, nikamwambia ng'ombe hashindwi na nunduye.

"Ng'ombe havai zipu," gauni likasema.

Nikasimama katikati ya uwanja na dakika yangu moja, nikijiona nimeshindwa mbele ya ukoo, mbele ya kocha asiye na miguu na mbele ya limau. Ndipo gauni likashtuka.

"Nasikia harufu yake," likasema, likapenya kwenye wavu wa goli.

Nyuma ya wavu pana chumba kimoja cha uani. Nilikijua. Ndicho tulichopanga mimi na Donatha mwaka aliofariki mama. Msichana ameinama kwenye beseni, anafua sare ya shule ya mtoto, na mifupa ya mabega yake unaweza kuihesabu.

"Mwenyewe!" gauni likalia. Likamrukia, zipu ikapanda mpaka juu bila kusukumwa. Hakuna hata kunjo. Moyo uliniuma kwa wivu, nasema kweli. Nilitaka kumng'oa mle ndani.

"Niambie siri," nikamwambia. "Unakula nini?"

"Asubuhi chai. Jioni chai."

"Na mchana?"

"Mchana nakuwa chuoni."

"Huo ni mpango gani? Nani kakupa?"

"Mpango wa Donatha ale," akasema. "Sahani ni moja."

Kule uwanjani Kocha Deusi akakatika katikati ya neno, kama bando limeisha.

Nilikuwa nimesahau. Siku ile ya kuhitimu watu wote waliniambia nimependeza, na mimi nilikuwa nimeegemea nguzo nisianguke. Picha ya siku hiyo ndiyo niliyoibandika kwenye friji ili nikitaka kula niione. Wiki tatu nzima nimemwonea wivu mtu mwenye njaa.

Msichana akajifuta mikono. Akanishika mkono, akauminya, kisha tumbo, polepole, kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Haya yote ni yetu?"

"Yetu."

"Na Donatha?"

"Tunamuaga Jumamosi. Anaolewa."

"Anakula?"

"Siku hizi mpaka anachagua nyama."

Akacheka kicheko ambacho sikumbuki kama niliwahi kukicheka nikiwa yeye. "Na wewe, umeshiba?"

Nimeulizwa uzito, nimeulizwa kiuno, nimeulizwa mimba. Hilo halikuwa limeulizwa na mtu. "Nilikuwa nimeshiba," nikasema. "Mpaka gauni lilipokuja."

Akalivua. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole ubavuni. "Huyu fundi anaijua kazi yake. Tazama." Ndani ya mshono kitambaa kimekunjwa, vidole vitatu upande huu, vidole vitatu upande ule, kimesubiri.

"Mnanivunjia heshima," gauni likasema.

Wembe hatukuwa nao. Yeye akashika ubavu wa kushoto, mimi wa kulia, tukaanza kuuma nyuzi. Gauni lililalamika mpaka katikati, kisha likashusha pumzi. "Kumbe ndani nina nafasi yote hii," likasema, "na hakuna aliyeniambia."

Dakika yangu ya mwisho ikaamka kiganjani, ikanyoosha shingo, ikawika kama jogoo.

Nikaamka. Ni simu inalia, saa kumi na mbili asubuhi. Baba Tuzo anakoroma, chaja iko chini ya mto wake. Kuna kitu kimenasa kwenye meno yangu. Nikakivuta. Uzi wa zambarau, urefu wa kidole.

Gauni lipo pale pale mlangoni mwa kabati, kimya, kama halijawahi kunitukana. Ubavu wa kulia umefumuka kutoka kwapani mpaka nyongani. Nikaligeuza. Wa kushoto nao umefumuka, nao umefumuliwa vizuri zaidi, na huo mimi sikuugusa.

Nikaenda jikoni, nikapasha wali wa jana, nikala nikiwa nimekaa. Nikabandua ile picha kwenye friji, nikaitia kwenye albamu karibu na picha ya mama. Kisha nikavaa raba, nikakunja gauni kwapani, nikamtikisa Baba Tuzo.

"Amka uwaandae watoto. Naenda kwa fundi kwa miguu. Nakwenda kupimwa."

Akafumbua jicho moja. "Soksi za Loi ziko wapi?"

"Zitafute."

"Sasa wewe utarudi saa ngapi?"

"Baada ya dakika thelathini," nikamwambia. "Na usizikanyage."