Vivuli vya Kaka

Kaka yangu hupiga picha za nyumba zinazouzwa. Kazi hiyo ina kero moja: dirishani kuna jua kali, kwenye kona kuna giza, na kamera haiwezi kuvishika vyote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hupiga picha tatu za chumba kilekile, moja kwa ajili ya dirisha, moja ya katikati, moja kwa ajili ya kona. Kompyuta huziunganisha, kisha yeye huketi akipunguza mwanga huku na kuuongeza kule, mpaka chumba kionekane kama kinavyoonekana kwa macho. Hapo ndipo kaka alipokuwa bingwa. Mimi ni mdogo wake, kazi yangu ni wateja, na mdomo ninao.

Miezi ya karibuni picha zake zikaanza kuharibika. Kila kivuli alikifuta. Chini ya meza kuling'aa sawa na juu ya meza, na makochi yalikuwa kama yanaelea. Dalali wetu akanipigia simu.

"Dada, mnunuzi ameniuliza kama hiyo nyumba ni ya katuni. Mkiniletea tena picha za namna hii, natafuta mtu mwingine."

Dalali huyo ndiye aliyekuwa akitupa karibu kazi zote. Angeondoka, kaka angeifungia kamera kabatini, na kaka asiye na kamera mimi simjui.

Nikamtolea uvivu. "Umezidisha mno, mshamba wewe! Nani alikwambia kivuli ni uchafu?"

"Kona zenyewe hazionekani kabisa," akasema. "Niziache hivyohivyo?" Akaninunia siku mbili.

Kazi iliyofuata nikaenda naye, nimsimamie mwenyewe. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Tukaingia sebuleni, kaka mbele. Mama mwenye nyumba, mtu mzima, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona.

"Karibuni, wanangu."

"Shikamoo, mama," kaka akaitika, akiliangalia kabati.

"Marahaba. Ila mimi niko huku, mwanangu."

Nikaangua kicheko, na mama naye akacheka. Kaka hakucheka. Aliomba tuwashiwe taa, na taa ilikuwa inawaka. Kicheko changu kikaishia hapo.

Tuliporudi ofisini sikumgusia lolote. Nikamfungulia picha ya sebule ile iliyokwisha kuunganishwa, na ndani yake yule mama, aliyekataa katakata kuinuka: "Nauza nyumba, kiti siuzi."

"Leo usiitengeneze," nikamwambia. "Punguza au ongeza mwanga mpaka ifanane na chumba kama ulivyokiona ulipoingia mlangoni. Basi."

Nilitegemea aongeze. Akapunguza. Zulia likaenda, kabati likaenda, makochi yakazama. Mama akafifia kitini pake mpaka nikamtafuta nisimwone. Likabaki dirisha peke yake.

"Hivi," akasema, akaachia kipanya, ametulia kabisa.

Machozi yakanijia, nikayaacha yaje. Miezi yote hiyo nilikuwa namwita mshamba, kumbe alikuwa akipambana na giza aliloliona peke yake.

Akanigeukia.

"Sasa unalia nini? Kwani wewe ulikiona vipi?"