Bibi Mpole Ameshaoga

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo katika nyumba ya wazee, na mwanafunzi wa uuguzi alikuwa bado hajamwogesha mzee mbele ya mwalimu wake. Leo ikipita hivihivi, atarudia mafunzo yote. Akajikokota na beseni la maji ya uvuguvugu hadi kwa Bibi Mpole, kipenzi cha wanafunzi kwa kuwa hapigi mtu.

“Na wewe tena, mjukuu wangu?” bibi akauliza, akimwonyesha vidole vilivyonywea kwa maji. “Wenzako watatu wameshaniosha asubuhi hii. Nitaisha kama sabuni.”

Mwanafunzi akacheka kichovu, akamfunika shuka. Akamwita mwalimu, wakaenda kwa Babu Mateke, ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa.

“Shikamoo, babu,” akasema, akilitua beseni mbali na miguu yake.