Samaki wa Kirkmere

Samaki walianza kuibuka kabla povu halijatulia. Chewa wanene, matumbo juu, wakatapakaa nyuma ya manowari yetu, Kirkmere, hadi maji yakawa meupe. Nikavua visikilizio masikioni, nikatamani nijirushe baharini nielee nao.

Kazi ya Kirkmere vitani ilikuwa kusindikiza meli za mizigo kutoka Kanada hadi Ireland. Kazi yangu mimi, Corkum, ilikuwa kukaa kwenye kijichumba na mtambo uliopeleka mlio chini ya maji, nikingoja mwangwi. Mwangwi ukirudi, huenda ni nyambizi ya Wajerumani. Siku ile uliporudi nilipiga ukelele, Kapteni Pryde akaniamini, mabomu yakateremshwa.

"Jamani, njooni mwone!" Gagnon, mpiga mzinga wetu kutoka Kwebeki, alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. "Baba mvuvi, babu mvuvi, na yeye hamjui chewa! Corkum, umemaliza ukoo wako!"

Hata tuliowalinda walitucheka. Ragnhild, meli ya mafuta ya Wanorwei, ilituuliza kwa ishara za taa: hiyo nyambizi mtaikaanga au mtaichemsha?

Tulikula chewa mpaka tukawachoka, waliobaki tukawatia chumvi. Asubuhi moja nikamkuta Gagnon ananing'inia kwa kamba kwenye bomba la moshi, brashi mkononi. Manowari zilizozamisha nyambizi zilichora alama pale. Yeye alichora samaki, tena akamvisha miwani, kwa heshima ya macho yangu, alisema. Kapteni akatazama, akavuta kiko chake, akapita zake. Nilikosa usingizi kwa kile kimya chake. Kosa jingine kama lile na ningeshushwa bandarini, nami niliipenda Kirkmere kuliko nilivyothubutu kukiri.

Sasa imeshakatwakatwa ikawa chuma chakavu, na kwa hesabu ya wakubwa haikuzamisha kitu tangu ilipoingia majini hadi vita vilipokwisha. Ni kweli. Lakini wakubwa hawakuwapo mchana ule mwangwi uliporudi tena.

Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilinyamaza, nikasikiliza, jasho linanitoka katika baridi ile. Nikisema na nikakosea, kazi sina. Nikinyamaza na nikakosea, Ragnhild ilikuwa pale karibu, imejaa petroli hadi kooni, na wote waliotucheka wangeungua wakiwa hai. Nikasogeza mdomo kwenye bomba la kusemea.

"Afande, nasikia kitu."

Kapteni akauliza taratibu: "Samaki?"

"Sijui, afande. Ila kila tukigeuka, naye anageuka."

"Basi mpigeni. Akiwa samaki, tutamla. Akiwa si samaki, asije akatula sisi."

Bahari ikainuka ikaanguka. Tukangoja. Halikuelea tone la mafuta wala ubao. Mwangwi ukazidi kufifia, ukaenda zake.

"Leo hata kitoweo hakuna!" akalalamika Gagnon. Nikarudi kijichumbani mwangu nikaanza kufunga virago vyangu mawazoni.

Tulipotia nanga bandarini Derry, Ireland, mtu mpana kama kabati alipanda ngazi yetu na gunia begani. Alikuwa mpishi wa Ragnhild.

"Yuko wapi mtu wa samaki?"

Wakanisukuma mbele, wote meno nje. Akalitua gunia miguuni pangu. Lilijaa viazi na vitunguu.

"Nilikuwa nje namwaga maganda," akasema. "Mabomu yenu yanalia, nikaona topedo, bomu lao la majini, inapita nyuma yetu. Hivi." Akatenganisha viganja vyake, akavitazama, akavisogeza karibu zaidi. "Ile ilikuwa yetu, ndugu yangu. Mliutikisa mkono wa Mjerumani alipokuwa analenga."

Meno yakaingia ndani. Gagnon alivua kofia, sijui kwa nini.

"Viazi ni vya kula na samaki wenu," mpishi akasema, akashuka ngazi.

Nilifurahi nikashindwa kuficha. Niliomba jiko nikapika chakula cha mama yangu: chewa wa chumvi, viazi, vitunguu, na nguruwe aliyekaangwa vipande vidogo juu yake. Watu walilamba sahani. Gagnon peke yake hakuonekana, nami nikamtolea chakula chake nje kabla hakijapoa.

Alikuwa kwenye kamba yake, anachora samaki wa pili. Kapteni alisimama chini yake, kiko mdomoni, akimsimamia.

"Huyo," alimwambia, "usimvishe miwani."