Mtaa Uliopanda Daraja

Mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu, na jicho moja likamkagua Bi Takwimu kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka kitambulisho kifuani. Wewe ni wa kodi? Bi Takwimu akajibu kama alivyojibu asubuhi nzima kwenye ghorofa hizi mpya: yeye ni karani wa takwimu tu, haandiki jina la mtu, anataka kujua nyumba hii inaingiza kiasi gani kwa mwezi. Kijana wa ndani akataja mshahara wake huku anafunga tai, na mlango ukarudishiwa kabla kalamu haijanyanyuka.

Jina hilo la Bi Takwimu alibandikwa na majirani, nusu heshima, nusu utani. Alikuwa mtu wa mkataba katika ofisi ya takwimu, na miaka mitano nyuma alizunguka mtaa huu huu anamoishi, mlango kwa mlango. Sasa alitakiwa kurudi kule kule, ili ofisi iweze kulinganisha kipato cha wakati ule na cha leo. Shida ilikuwa bondeni. Nyumba nyingi alizoziandika mwaka ule zilikuwa huko, za mabati na udongo, na tingatinga lilizilaza chini ili ghorofa zisimame. Maagizo yalikuwa mepesi: nyumba ikiwa haipo, mhoji aliye mahali pake.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye akaenda kumtafuta Mama Mkaa, mmoja wa waliobomolewa bondeni. Mwanamke huyu alikuwa akimkopesha mkaa na kumwangalizia mama yake mgonjwa, miaka nenda miaka rudi. Alimkuta nyuma ya ukuta wa soko, chini ya turubai, akiwa na wajukuu wawili, anachambua vipande vilivyomwagika kutoka kwenye malori. Walisalimiana kwa muda mrefu, kama watu wenye sebule.

Mama Mkaa alisikiliza maswali yote kwanza. "Nikishakujibu, tutapata nini?"

Bi Takwimu akamwambia angalau watahesabiwa. Mama Mkaa akajipangusa mikono, akaketi wima kama anayepigwa picha, akajibu swali baada ya swali. Walipofika kwenye kipato sauti yake ilishuka. Alitaja kiasi, kisha akaukamata mkono ulioshika kalamu.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Hiyo watanicheka."

Bi Takwimu hakuongeza.

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akalisoma dodoso la Mama Mkaa mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati, kisha akalichana. Turubai si kaya, alieleza. Kaya ina mlango, na mlango una namba. Halafu soko lile liko upande wa pili wa barabara, kwa hiyo ni mtaa mwingine. Bi Takwimu akauliza kama mtaa huo mwingine utamhesabu. Mkuu akasema hapana, hakuwapo kwenye orodha yao ya mwanzo.

"Hebu wapange watu kwa mstari," akasema kwa upole, kama anafundisha mtoto, "kuanzia hohehahe mpaka mwenye nazo. Mshike aliyesimama katikati. Huyo ndiye mtaa."

"Lakini mstari tumeukata mkia, mkuu. Hakuna aliyeongezewa hata senti. Wa bondeni wamefukuzwa tu, na katikati imehamia ghorofani."

"Sisi tunapima mtaa. Hatupimi watu."

Bi Takwimu akamkumbusha kwamba mtaa ukipanda daraja, dawa za bure zahanatini zinasimama, na mama yake anaishi kwa dawa za sukari. Mkuu alilijua hilo. Alijua pia kwamba mkataba wa Bi Takwimu unaisha mwezi huo, na kwamba benchi la nje limejaa waombaji wenye shahada. Alivitaja vyote viwili bila kupandisha sauti, akamsogezea kalamu na ripoti ya mtaa. Bi Takwimu akasaini.

Habari ilitoka redioni baada ya wiki chache: kipato cha mtaa kimepaa. Mwenye nyumba wake aliisikia kabla hajanawa uso, akaja kubisha mlangoni, akasema haifai watu waliopanda kulipa kodi iliyolala.

Siku ya dawa alimshika mama yake mkono mpaka zahanati. Foleni ilikuwa ndefu na miguu ya mama ilikuwa imevimba. Walipofika dirishani, mtoa dawa alitazama kadi akairudisha.

"Mtaa wenu umepanda daraja, bibi. Za bure zimekwisha. Sasa mnanunua."

"Nani kasema?"

"Watu wa takwimu."

Mama akacheka, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Akawageukia waliokuwa nyuma yake, akawaambia wasiwe na wasiwasi, hilo ni kosa dogo, mtoto wake mwenyewe anafanya kazi huko huko na leo amekuja naye.

"Njoo, mwanangu. Waeleze tunavyoishi."

Watu wakampisha. Bi Takwimu akasogea mpaka dirishani, akainamia tundu la kioo, na kwa sauti ya chini akauliza nusu dozi ni bei gani.

"Unasemaje?" Mama alitega sikio. "Sema kwa sauti, wote wasikie."