Siku ya Nne, Hajaharibika

Kazi yangu ni kuhudumia maiti. Watu wakisikia hivyo hunipa mkono kwa ncha za vidole, utadhani kifo huambukizwa kwa salamu. Nimezoea. Miaka kumi na minane mochwari imenifundisha kwamba marehemu hawana matata hata kidogo. Wenye matata ni ndugu zao. Sikujua kwamba ipo siku ndugu huyo angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Jumatatu, saa sita mchana, waliniletea shemeji yangu, mume wa mdogo wangu huyo. Alikuwa fundi cherehani. Alianguka juu ya meza ya kukatia vitambaa, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na mpaka wanamfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Nilimpokea mwenyewe.

Mdogo wangu alifika mbio, macho makavu. Aliyelia ni mimi. Akanivuta pembeni.

"Dada, usimchome dawa."

"Unasema nini wewe?"

"Nimeambiwa kwenye maombi. Siku ya nne ataamka. Yule rafiki wa Yesu si alikaa kaburini siku nne? Sasa ukimjaza dawa huyu, ataamkaje?"

Nikikasirika mdomo wangu hauna breki. "Mungu aliyemuumba mtu kwa udongo, ndiye atashindwa na lita chache za dawa?"

"Usinidhihaki, dada. Niahidi."

Nikaitikia kwa kichwa. Huo ndio uongo wangu, na niliusema bila hata kufungua mdomo. Majokofu yetu yalikuwa mabovu tangu wiki iliyotangulia, na kwa joto lile, mwili usiochomwa dawa usingetazamika kesho yake. Sikutaka mdogo wangu abaki na sura ya mumewe katika hali ninayoijua mimi. Siku hiyohiyo, kabla sijatoka kazini, nilimchoma.

Jumanne alikuja na wanawake wawili wa kikundi cha maombi, wakaomba nje ya mlango. Jumatano pia. Vijana waliokwenda kuchimba kaburi aliwarudisha na majembe yao. Wakwe zake wakamjia juu, naye akawajibu neno moja tu: ngojeni. Alikuwa amefunga, hali kitu, na kila akisimama ilibidi ashike ukuta. Niliyaona yote hayo nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba siku ya nne itapita kimyakimya, tutazika, na siri yangu nitazikwa nayo.

Alhamisi asubuhi nikamfungulia mlango. Chumba chetu kinanuka dawa kuanzia sakafu hadi dari, kwa hiyo pua ya mgeni haiwezi kujua harufu inatoka wapi. Akafunua shuka. Akamshika mumewe shavu, akambonyeza kifua, akamwinamia shingoni. Kisha akapiga ukelele ulionisimamisha nywele.

"Hajaharibika! Siku ya nne, na hajaharibika! Bwana ameanza kazi!"

Kabla sijamshika alikuwa ameshatoka nje, kwenye benchi wanapokaa wafiwa. Akawaeleza wote: hana dawa hata tone, na ngozi yake ni nzima. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alfajiri ile alisimama, akanifuata, kofia mkononi.

"Mama," akaniambia, "basi na wa kwangu msimchome. Tutangoja naye."

Hapo maji yakanifika shingoni. Kumdanganya mdogo wangu niliona ni huruma. Lakini mzee huyu angemngoja mkewe siku nne kwa sababu yangu, na mimi nilijua atakachokikuta chini ya shuka. Nikamwingiza mdogo wangu kwenye chumba cha vifaa, nikafunga mlango, nikamwambia ukweli.

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga.

"Umenifungia mlango," alisema polepole. "Mungu alikuwa anakuja, umemfungia mlango."

"Mungu hafungiwi mlango, mdogo wangu."

"Ulimchoma saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Aliletwa saa sita." Akanikazia macho. "Kazi yenyewe inachukua saa nne?"

Nilitaka kumwambia kulikuwa na foleni.

"Nilingoja," nikasema. "Nilijifungia naye ndani, nikamshika mkono. Nikamwambia, shemeji, kama unaamka amka sasa, sijachanganya dawa bado. Nilimwomba Mungu, kisha nikamgombeza. Nilingoja mpaka mkono wake ukakakamaa ndani ya mkono wangu."

Akateremka taratibu akakaa sakafuni, kati ya ndoo na mipira ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akalia. Nikakaa naye. Tulilia kama watoto waliochelewa kuchukuliwa shuleni.

"Basi atafufuka lini?"

Nilimpa jibu tulilofundishwa tangu utotoni, kwamba siku ya mwisho parapanda italia na wote watainuka, na siku hiyo anaijua Mungu peke yake. Ninaliamini. Lakini kwa mwanamke anayerudi nyumbani kwenye kitanda chenye upande mmoja mtupu, lilitoka dogo, nami nililiona lilivyo dogo.

"Ni mbali, dada."

"Ni mbali."

Akajifuta uso kwa kanga, akasimama kwa kushika bega langu. "Waambie wakachimbe," alisema. "Wewe nitakusamehe. Mungu bado sijaongea naye."

Akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya yule mzee.

"Baba, waache wamchome mama dawa. Nilikosea. Wangu alichomwa, sikujua. Watafufuka wote wawili, lakini si wiki hii."

Mzee alizungusha kofia yake mikononi. "Sasa ni lini, mwanangu?"

Mdogo wangu akainuka, akaketi kando yake, akamshika mkono. Mimi nikavaa glavu, nikaingia ndani kuchanganya dawa ya mke wa mzee.