Saruji ya Ukumbi

Miaka ile ngano ilikuwa tele Wallendoon, kijiji cha bara mbali na Sydney, na njaa ilikuwa tele pia. Mtu asiniambie kwamba mambo hayo mawili hayakai nyumba moja, niliyaona yanakaa. Magunia yalirundikwa kando ya stesheni mpaka panya wakanenepa kuliko watoto, maana bei ya ngano haikufika hata bei ya gunia lililoibeba. Fedha ikapotea kijijini kama maji mchangani, watu wakarudia nipe nikupe. Dukani kwa Mama Quillan, mjane mwenye duka pekee la pale, ukipeleka ngozi za sungura ulitoka na sukari ya kufunga kwenye pembe ya leso. Ukipeleka siagi ulitoka na chupa ya mafuta ya taa, tena haijajaa. Wanawake walishona chupi za watoto kwa mifuko ya unga, na mtoto akiinama ulisoma unga ule umesagwa kinu gani.

Mimi nilifika kwa miguu, blanketi mgongoni na kopo la chai likining'inia, kama wanaume wengi wakati ule. Sheria ya posho ilikuwa hivi: sajini wa polisi anakupa unga, chai, sukari na nyama kidogo ya wiki moja, kisha lazima uhame, wiki ijayo ukachukue posho kituo cha mbele. Serikali haikupenda tukae mahali tukazoeana, tukaanza kulalamika kwa sauti moja. Nchi ile niliitembea hivyo mpaka viatu vikabaki jina.

Mzee Leong alinikuta nimelala chini ya daraja la kijito, akanipa jembe. Hakuniuliza ninatoka wapi. Alikuwa Mchina, mkulima wa mboga, na bustani yake ilishuka mpaka majini, kijani tupu katikati ya nchi iliyokauka rangi ya simba. Alikuwa amekaa pale tangu kabla reli haijafika. Kijiji kizima kilimwita Jimmy, jina ambalo hakupewa na mtu yeyote wa kwao. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita Tranter, kama nilivyobatizwa.

Kila Jumanne na Ijumaa tulifunga farasi kwenye kigari tukapita nyumba kwa nyumba. Wanawake walitoka na aproni zao, na mdomo ndio uliotangulia.

"Jimmy! Karoti gani hizi, nyembamba kama miguu ya mume wangu?"

"Miguu ya mume wako hailiwi, mama. Hizi zinaliwa."

"Sikiliza huyu! Haya, leo sina kitu. Nina mayai tu."

"Mayai ni kitu."

Ndivyo alivyosema kwa kila mtu. Sungura ni kitu, kuni ni kitu, soksi iliyotiwa kiraka ni kitu. Alipima kabichi kwa mizani yake ya mkono, akaongeza majani ya vitunguu juu, akasonga mbele. Tulikula mayai asubuhi na jioni mpaka nikaogopa kwamba nitaanza kutetea kama kuku. Ikifika Krismasi alimpa kila mwenye nyumba chupa ya udongo yenye tangawizi iliyolala kwenye asali yake. Mwaka mbaya kuliko yote alitoa vilevile. Nyumba nyingine siku hiyo hazikuwa na kitamu kingine mezani.

Adhuhuri moja tumekaa kivulini tunakunywa chai, nikamwuliza kama ana mke. Nilidhani atacheka.

"Ninaye," alisema. "Nimekwenda kumwona mara mbili tu tangu tuoane. Meli ni mbali."

"Sasa si uende, Mzee? Umechoka."

"Kwenda hai ni ghali, Tranter. Kwenda maiti ni nafuu." Akamwaga machicha ya chai kwenye mche wa nyanya. "Sisi watu wa kwetu tunachangiana. Nikifa wanizike hapa kwanza. Udongo tu, kaburi la kina kifupi, pasiwe na kitu kizito juu. Nyama yangu ni ya udongo huu, nimekula vyake, ni haki yake. Baada ya miaka michache mtoto wa ndugu yangu atatoka Sydney, atachimba, ataosha mifupa, yote, mpaka ya vidole. Ataisafirisha. Mke wangu ameacha nafasi pembeni ya pale atakapolala yeye."

"Na mfupa mmoja ukibaki huku?"

"Basi mtu amefika nusu. Mtu nusu atapumzika vipi?"

"Hapa kijijini wanajua habari hii?"

"Nani ataniuliza? Wananiuliza bei ya kabichi."

Haikupita wiki sajini akaja na farasi wake mpaka kwenye ua wa maharage.

"Tranter, wiki yako ilikwisha zamani."

"Nina kazi hapa, afande."

"Kazi ya kulipwa mayai? Hiyo si kazi, huo ni urafiki. Funga blanketi lako."

Nikafunga. Mzee Leong alinisindikiza mpaka darajani, akanipa viazi kwenye soksi, akarudi kumwagilia.

Nilirudi baada ya miaka, posho za kuhamahama zilipokwisha na kazi zikaanza kuonekana moja moja. Nilikwenda kwanza kijitoni. Bustani ilikuwa magugu. Nikaenda dukani.

"Wewe! Bado hujafa?" Mama Quillan alisema.

"Nimekosa nafasi, mama. Mzee yuko wapi?"

Akavua aproni, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sijamwona akilifanya hata siku ya kuzaliwa mfalme. "Njoo nikuonyeshe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya fahari.

Njiani akanisimulia. Kichomi kilimshika baada ya baridi kali. Wanawake walimuuguza kwa zamu, wakimnywesha mchuzi kwa kijiko. Alipokufa, mtu mmoja akasema azikwe kule pembeni penye vichaka, wanakotupwa wasio na watu. Wes Hannaford akasimama kanisani akasema atakayemtupa Jimmy pembeni atakutana na ngumi yake. Huyu Hannaford alikuwa mwashi, fundi wa mawe na saruji, na miaka ile yote hakuna aliyempa hata banda la kuku la kujenga. Posho alikataa. Familia yake iliishi kwa sungura, na kwa kabichi ya Mzee Leong.

Tena kulikuwa na saruji. Tangu vita kijiji kilikuwa kikichanga kujenga ukumbi wa kuwakumbuka vijana waliokufa ng'ambo. Kuta zilisimama, fedha zikakatika, saruji ya sakafu ikabaki stoo kwa Mama Quillan ikisubiri siku njema.

"Tukapiga kura," alisema. "Tukaitoa yote. Hakuna mkono uliobaki chini."

Nikaliona kaburi. Lilikuwa mbele kabisa, karibu na lango, kubwa kuliko kaburi la mwenye ranchi. Saruji nene kama godoro, laini kama meza, pembe zimechongwa, na katikati Hannaford amechora kabichi, jani kwa jani, ungeweza kulichuma. Chini yake: JIMMY, RAFIKI WA WALLENDOON. Hannaford mwenyewe alikuwapo, anang'oa majani pembeni.

"Nimeweka vyuma vya reli ndani," aliniambia hata kabla ya salamu. "Mbili za urefu, tatu za kukatisha. Mbweha hachimbi hapa. Siku ya kiyama Jimmy itabidi apige hodi." Akapapasa kabichi lile. "Miaka yote ya shida, Tranter, hii ndiyo kazi pekee niliyoifanya."

Mimi nilikuwa nikitazama unene wa saruji ile. Mama Quillan akauliza, "Vipi, hulipendi?"

Nikawaambia. Sikuwa na njia ya kuwaambia kwa upole, nikawaambia kama nilivyoambiwa na mwenyewe: udongo tu, mtoto wa ndugu, mifupa, nafasi pembeni ya mke.

"Wamtoe?" Hannaford alisema. "Wamtoe wampeleke wapi?"

"Kwao."

"Kwao ni hapa! Alikuwa hapa kabla mimi sijazaliwa!"

"Alikuwa na mke?" Mama Quillan aliniuliza polepole. "Jimmy? Miaka yote hiyo hajatamka."

"Ulipata kumwuliza, mama?"

Hannaford alinishika shati. "Mbwa wewe, ulikuwa wapi kusema haya?"

"Barabarani, Wes. Sajini alinitoa."

Akaniachia. "Sivunji," alisema. "Aje huyo mtoto wa ndugu, aje na jeshi. Sivunji." Akaondoka, na koleo lake akalisahau.

Nikabaki kijijini, nikimpasulia kuni Mama Quillan kwa chakula. Majani ya masika yalipochipua, akashuka kwenye treni kijana wa Kichina, suti nyeusi, sanduku la bati la kubebea mifupa begani, na kibali cha serikali mfukoni. Alikuwa Leong Wai, muuza matunda wa Sydney. Tulimpeleka, Mama Quillan na mimi. Hannaford alikuwa amesikia, akaja, akasimama langoni amekunja mikono.

Kijana alilitazama kaburi muda mrefu. Akaligusa kwa kiganja, kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayegonga mlango wa tajiri.

"Ni zuri sana," alisema. "Nani amelijenga?"

"Mimi," Hannaford alisema.

Kijana akavua kofia akamwinamia. "Asante kwa kumheshimu baba mkubwa." Kisha akakaa ukingoni mwa saruji, kofia mapajani, akawa anaizungusha. "Mama mkubwa anauliza kila mwaka. Kila meli ikifika anatuma mtu bandarini kuuliza. Macho yake hayaoni vizuri sasa."

Hakuomba chochote. Hannaford akageuka akaenda zake. Tukadhani ndiyo basi, lakini akarudi na nyundo kubwa, mtaimbo na tindo, amevua koti.

"Sogeeni," alisema.

Pigo la kwanza lilipasua kabichi. Mama Quillan akageuza uso.

Tulipiga kwa zamu, yeye na mimi na kijana, ambaye alikunja suti yake juu ya kaburi la jirani. Kazi kama ile sikuwahi kuiona. Nyundo ilikuwa ikiruka kama imegonga mpira. Wanawake wakaleta chai, wakasimama nayo mikononi mpaka ikapoa.

"Mjinga gani aliweka reli hizi?" Hannaford alifoka, jasho likimdondoka.

"Wewe, Wes."

"Najua ni mimi! Piga!"

Kesho yake mchana bamba la juu lilikwisha kupasuka na tulilivuta kwa farasi. Chini yake tulitegemea udongo. Haukuwa udongo. Ilikuwa saruji bado, inashuka. Hannaford akasimama na nyundo mkononi, nikaona usoni mwake kwamba amekumbuka.

"Mvua ilinyesha siku ile," alisema, wala hakuwa akisema na sisi. "Kingo za kaburi zilikuwa zikiporomoka. Nikamwaga yote mlemle, juu ya jeneza, mpaka juu. Nilitaka asiguswe na kitu. Jeneza lilikuwa la mbao za masanduku ya chai tu. Hatukuwa na mbao."

Tukaelewa. Mbao zile hazikuhimili uzito, na saruji mbichi hupita penye ufa wowote.

Akaweka nyundo kubwa pembeni, akashuka shimoni na tindo na nyundo ndogo, akaanza kugonga polepole, kama mtu anayepasua yai. Kikatoka kipande kama nusu ya mkate. Upande wake mmoja kulikuwa na mifupa ya mkono, imekaa ndani ya jiwe kama zabibu kavu ndani ya keki, na mmoja umekatika pale pale tindo ilipopita.

Leong Wai akapiga magoti. Akasema maneno ya kwao, machache. Akakipokea kipande kile kwa mikono miwili, akakirudisha kilipotoka.

"Acha," alisema.

"Naweza kwenda polepole zaidi," Hannaford alisema. "Nipe miezi. Nipe mwaka. Sina kazi nyingine, bwana, nitamtoa punje kwa punje."

"Utamvunja, Bwana Hannaford. Amekuwa kitu kimoja nayo."

"Nitakuletea vyote, hata vikivunjika."

"Havitakuwa vyote. Wewe mwenyewe unajua havitakuwa vyote."

Hannaford hakutoka shimoni. Alikaa chini mle mle, mgongo ukingoni, mikono magotini, na mtu mzima yule akalia mbele ya wanawake na watoto bila kujificha. Ilibidi tumsubiri ndipo tuweze kufukia. Tulifukia kwa udongo. Safari hii ulikuwa udongo tu.

Kabla ya treni Mama Quillan alimkaribisha kijana chai na mkate, akaupaka siagi, ile ya kuuza. Akakaa mbele yake.

"Huyo mama yako mkubwa," alisema, "utamwambia nini?"

Kijana akafikiri. "Nitamwambia amezikwa vizuri. Si kweli?"

Mama Quillan akainuka kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Stesheni nilimbebea sanduku. Lilikuwa jepesi, ndani mna kitambaa kipya cheupe ambacho hakijakunjuliwa. Nikamwuliza kama angependa kuliacha, labda siku moja lingehitajika.

"Si langu, ni la wote," alisema akipanda. "Kuna mzee mwingine, kaburini mji wa mbele, analisubiri."